Uzi: Kreatinini 110, figo zima au bovu? Tuisome karatasi ya maabara pamoja

Maalim_Kidongo (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Swali la kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, linarudi humu kila baada ya siku chache, na jibu linalotolewa huwa fupi mno: "ipo ndani ya kiwango, usiwe na wasiwasi." Jibu hilo limewachelewesha watu wengi, kwa hiyo nimeona tulifungulie uzi wake. Naomba wa maabara, wa dawa, wa lishe na wa mashine ya kusafisha damu waje na ya kwao.

Kwanza kazi yenyewe. Mafigo mawili yamekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu za mwisho, kila moja na urefu wa sentimita 10 hadi 12. Ndani ya kila figo mna nefroni zipatazo milioni 1, na kila nefroni ina kifundo cha mishipa midogo kinachochuja damu, kisha mrija mrefu unaochagua cha kurudisha na cha kutupa. Moyo unayapelekea mafigo kama lita 1 ya damu kila dakika. Kwa kijana mzima, kinachochujwa ni kama mililita 120 kwa dakika, karibu lita 180 kwa siku. Mkojo unaotoka ni lita 1 hadi 2 tu, maana mirija hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya maji yale, pamoja na chumvi na sukari inayohitajika.

Na kutoa uchafu ni sehemu moja tu ya kazi. Figo linatoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze damu, ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu na vidonge vya chuma peke yake havimtoshi. Linaikamilisha vitamini D ili mifupa ipate kalisiamu. Linashika presha. Linaondoa asidi. Na linaitoa potasiamu, ambayo ikipanda mno husimamisha moyo bila ya kupiga hodi.

Sasa kreatinini. Ni taka itokanayo na misuli. Mwenye misuli mingi hutengeneza nyingi, na bibi mwembamba hutengeneza kidogo, kwa hiyo namba moja haiwezi kuwa na maana moja kwa wote wawili. Fomula ya Cockcroft na Gault, inayokadiria mafigo yanachuja mililita ngapi kwa dakika, unaifanya kwa kalamu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito wa kilo, zidisha kwa 1.23 kwa mwanamme au 1.04 kwa mwanamke, kisha gawa kwa kreatinini ya maikromoli kwa lita. Kama karatasi imeandikwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4.

Tuifanye. Mchukuzi wa Malindi, miaka 30, kilo 75, kreatinini 110: 110 mara 75 mara 1.23, gawa kwa 110. Anapata 92. Yuko vizuri. Bibi wa miaka 60, kilo 50, kreatinini hiyo hiyo 110: 80 mara 50 mara 1.04, gawa kwa 110. Anapata 38. Karatasi zao zinafanana, lakini huyu bibi kazi ya mafigo yake imeshuka sana, na akiandikiwa dawa kwa kipimo cha yule mchukuzi ataumizwa.

Hapo ndipo nataka tuanzie.

Mpimaji_Chake

Waalaykum salaam Maalim. Hesabu yako ni sahihi, ila niiwekee mpaka. Cockcroft na Gault bado inatumika kupanga vipimo vya dawa, kwa sababu inaangalia uzito. Kwa kupanga hatua ya ugonjwa, maabara nyingi sasa zinatumia fomula nyengine, CKD-EPI ya 2021, ambayo haiulizi uzito wala asili ya mtu. Kwa bibi yule itatoa karibu 50, na kwa mchukuzi karibu 80. Msishangae mkiona namba mbili. Zote zinasema kitu kimoja juu ya bibi: hayuko sawa na 110 yake si ya kupuuzwa.

Hatua zenyewe ni hivi. Kasi ya kuchuja 90 na kuendelea ni hatua ya 1, na 60 hadi 89 ni ya 2. Hizi mbili haziitwi ugonjwa mpaka pawe na alama nyengine ya madhara, kama protini kwenye mkojo. Hatua ya 3 imekatwa mara mbili, 45 hadi 59 na 30 hadi 44. Ya 4 ni 15 hadi 29. Chini ya 15 ni ya 5, na hapo ndipo watu husema figo limefeli. Lakini kabla hujamwita mtu mgonjwa wa figo wa kudumu, hali hiyo iwe imekaa zaidi ya miezi 3. Kipimo kimoja cha siku ya homa hakitoshi.

Mambo yanayoiharibu namba: nyama nyingi iliyopikwa usiku wa kuamkia kipimo huipandisha kidogo. Septrini, dawa ya bakteria, huzuia mrija usitoe kreatinini, namba ikapanda wakati uchujaji uko pale pale. Kwa maabara zinazotumia njia ya Jaffe, inayopima kreatinini kwa rangi, sukari ikiwa juu sana au ketoni husomeka kama kreatinini, na manjano makali mwilini, kama ya mgonjwa wa ini, huificha.

Potasiamu ndiyo inayonikera zaidi. Damu ikitolewa na mpira umefungwa mkono muda mrefu, mgonjwa anakunja na kukunjua ngumi, kisha chupa ikakaa saa nyingi ndani ya gari kutoka kituo cha mbali kabla ya kutenganishwa, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake. Karatasi itasema 6.8 na mtu hana kitu. Kwa hiyo potasiamu ya juu kwa mtu asiye na sababu irudiwe haraka kwa sampuli safi, na huku akipimwa umeme wa moyo. Asirudishwe nyumbani kungoja.

Kidau_cha_Kojani

Ahsanteni. Mkojo je? Vituo vingi vya huku havipimi kreatinini lakini vijiti vya mkojo vipo. Vinafaa?

Mpimaji_Chake

@Kidau_cha_Kojani vinafaa sana, na kwa mtu mwenye sukari au presha mkojo huonyesha madhara mapema, mara nyingi kabla ya kreatinini. Kichujio kikianza kuvuja, albumini, aina ya protini ya damu, hupita. Unaweza kuwa na kasi ya 95 na bado mafigo yameshaguswa.

Ila kijiti kina masharti yake, na hewa yetu ya pwani ni adui yake. Chupa ifungwe papo hapo kila unapotoa kijiti, na lile jiwe dogo la kukausha lililomo ndani lisitolewe. Vijiti vilivyoachwa wazi juu ya meza hupata unyevu na kubadilika rangi vyenyewe. Chukua mkojo wa asubuhi, wa katikati, baada ya kuuacha wa mwanzo upite. Chovya, pangusa ukingoni, kisha soma kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa protini mara nyingi ni sekunde 60. Anayesoma baada ya dakika tano anasoma uongo.

Homa, maambukizi ya mkojo, hedhi na kazi nzito ya jana yake vyote huweza kutoa protini isiyo ya ugonjwa wa figo. Na mkojo mzito huikuza protini, mwepesi huificha. Ndiyo maana kipimo bora ni uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo: chini ya miligramu 3 kwa milimoli ni kawaida, 3 hadi 30 imepanda kiasi, juu ya 30 imepanda sana. Kirudiwe, mbili kati ya tatu ziwe juu ndani ya miezi 3 hadi 6. Mwenye sukari afanye kila mwaka hata akiwa mzima kabisa.

Mfamasia_Darajani

Naingilia kwenye dawa, maana kuna mafigo mengi yanayoumizwa juu ya kaunta.

Mlango wa kuingilia damu katika kichujio hupanuliwa na prostaglandini, kemikali ya mwili wenyewe. Mlango wa kutokea hubanwa na homoni ya anjiotensini. Presha ya kuchuja inatoka kati ya milango hii miwili. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hufunga prostaglandini, mlango wa kuingilia ukabana. Dawa za presha kama losartani, enalaprili na wenzake huulegeza mlango wa kutokea. Dawa ya kukojosha hupunguza maji mwilini. Mpe mzee wa presha vyote vitatu kwa pamoja, kisha apate kuharisha siku mbili, na uchujaji unaweza kuporomoka kwa siku chache tu. Na mara nyingi hakuna aliyekosea peke yake: losartani na ya kukojosha zilitoka kliniki, sindano ya diklofenaki ikatoka kituo chengine kwa ajili ya mgongo.

Losartani na enalaprili zenyewe si adui. Kwa mwenye albumini kwenye mkojo ndizo dawa za kumlinda. Ukianzishwa, rudi upime kreatinini na potasiamu baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda kwa chini ya asilimia 30, inaachwa iendelee, hiyo ni presha ya ndani ya kichujio inayoshuka. Ikizidi hapo, au potasiamu ikivuka 5.5, daktari aangalie tena. Watu wanaacha dawa kwa kuona namba imesogea kidogo, na hilo ni kosa kubwa.

Siku ya kutapika au kuharisha vibaya, muulize daktari wako mapema akuandikie zipi za kusimamisha: kwa kawaida metformini, za kukojosha, losartani na jamii yake, dapagliflozini (nayo ya sukari), na dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya diklofenaki. Zinarudi baada ya kula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Kunywa ORS, pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, nyingi ni lita 1 kamili. Kuitia pakiti nzima katika chupa ya nusu lita kunaongeza chumvi na kuzidisha kiu.

Wenye sukari: metformini hupunguzwa kasi ikishuka chini ya 45 na huachwa chini ya 30. Glibenklamidi ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa hukaa mwilini figo likichoka na kuishusha sukari usiku mtu akiwa amelala. Na yule mgonjwa wa insulini anayefurahi kwamba siku hizi sukari yake inashuka bila sababu, apimwe figo. Insulini huvunjwa kwa sehemu na mafigo. Yakifa, dozi ile ile inakuwa kubwa.

Maumivu: parasetamoli, kwa kipimo. Na krimu za kujichubua zenye zebaki, naomba dada zetu wanisikie. Zebaki hupenya ngozini, hukiharibu kichujio, protini ikamwagika, mtu akaamka macho na miguu imevimba. Kuacha krimu ni sehemu ya tiba, na uvimbe unaweza kuchukua miezi kuondoka.

Bint_Mtambwe

Kaka mfamasia, na miti shamba? Watu watakuuliza.

Mfamasia_Darajani

@Bint_Mtambwe dada, siwezi kuitia yote kapu moja. Tatizo la kwanza ni kwamba kipimo hakijulikani, na figo ndilo linalolipa. La pili, mgonjwa hamwambii daktari, kwa hiyo kreatinini ikipanda kila mtu anatafuta kwengine. Mwenye kasi chini ya 60 asinywe mchemsho wowote wa "kusafisha figo". Nasema hivyo kwa moyo mzito, najua heshima ya waganga wetu. Lakini figo halisafishwi kwa mchemsho, na mengi ya hayo yana potasiamu nyingi au vitu vya kukojosha.

Bi_Lishe

Na niongeze tunda ambalo liko uani kwetu: birimbi. Katika achari au vipande viwili kwenye mchuzi wa samaki halina neno kwa mtu mzima. Juisi yake nzito ndiyo hatari. Birimbi lina oksalati nyingi. Ukikamua matunda mengi bilauri moja na kunywa kila siku kwa kutaka kushusha sukari au mafuta, oksalati hukutana na kalisiamu ndani ya mirija ya figo, ikawa vijiwe vidogo na kuziba. Huko Kerala, India, madaktari wameandika wagonjwa waliofeli figo ghafla kwa juisi hii hii, na baadhi yao walikuwa na mafigo mazima kabla yake.

Jamaa yake, lile tunda la pembe tano lenye umbo la nyota, kwa mgonjwa wa figo ni baya zaidi. Lina sumu ya neva ambayo figo zima huitoa bila taabu. Figo bovu halitoi. Kwikwi isiyokatika ndiyo dalili ya mwanzo, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege. Tiba yake ni mashine, haraka.

Mkulima_Konde

Mbona hamjataja kichocho? Huku ndiko kwetu.

Mpimaji_Chake

@Mkulima_Konde umesema kweli, na kwa Unguja na Pemba hakiwezi kukosa. Kichocho cha mkojo kinapatikana kwenye maji baridi, mito na madimbwi yenye konokono wa jamii ya Bulinus. Baharini hakuna. Mdudu mzima hukaa katika mishipa ya kuzunguka kibofu, mayai yake yakachoma ukuta wa kibofu na wa mirija inayoshusha mkojo kutoka figoni. Kovu linakaza, mrija unabana, mkojo unarudi juu, figo linavimba kwa maji na kukonda taratibu. Yote hayo bila ya maumivu makali.

Mtoto wa skuli akikojoa damu mwishoni mwa mkojo, kichocho kiwe cha kwanza kufikiriwa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kusema hakuna. Mililita 10 zinapitishwa kwenye karatasi ya kuchujia na kutazamwa kwa hadubini. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, anywe akiwa ameshiba. Hiyo humuua mdudu. Kovu la zamani hailifuti. Ndiyo maana mtu mzima aliyekojoa damu utotoni na sasa kreatinini yake imepanda afanyiwe altrasaundi kabla ya kuambiwa figo limekufa. Likiwa limeziba, likifunguliwa mapema hurudi.

Kwa wazee wanaume, kuziba huko mara nyingi ni tezi dume. Mzee mkojo unadondoka matone siku nzima, watu wanadhani unatoka vizuri, kumbe kibofu kimejaa hadi kitovuni. Mpira wa mkojo tu unaweza kuishusha kreatinini kwa siku chache. Lakini baada ya kuwekewa mpira apimwe mkojo kila saa, kwa sababu baadhi yao humwaga zaidi ya mililita 200 kwa saa na huweza kukauka.

Maalim_Kidongo

Hapo umenigusa, kwa sababu watu wanachanganya kufeli kwa ghafla na kufeli kwa kudumu. Kwa ghafla: kreatinini inapanda maikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au inafika mara moja na nusu ya ile ya awali ndani ya siku 7, au mkojo unashuka chini ya nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa saa 6. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni chini ya mililita 180 kwa saa 6. Sababu ziko tatu: damu haifiki figoni (kuharisha, kipindupindu, kutokwa damu uzazini), figo lenyewe limepigwa (dawa, sumu, maambukizi makali, malaria), au njia ya mkojo imeziba. Ya kwanza na ya tatu mara nyingi hurudi zikiwahiwa. Mama aliyejifungua na kutokwa damu nyingi, pimeni mkojo wake kwa chombo chenye alama, msikisie kwa macho.

Ya kudumu hairudi. Inachelewesheka tu, kwa sukari kushikwa, presha iwe chini ya 130/80, na chumvi ipungue.

Bint_Mtambwe

Bi Lishe, mgonjwa wa hatua ya 3 ale nini basi? Wengine wanakatazwa ndizi, muhogo, tende, dafu, kila kitu. Anabaki na wali mkavu.

Bi_Lishe

Hilo linaniumiza, mwanangu, kwa sababu wengi wananyimwa bila kipimo. Potasiamu hupunguzwa kwa yule ambaye damu yake imeonyesha iko juu. Mwenye 4.4 anayekula ndizi moja, muacheni ale ndizi yake.

Cha kupunguza kwa wote ni chumvi. Gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilicho bapa, kwa vyakula vyote pamoja. Samaki ng'onda na papa mkavu peke yao huipita hesabu hiyo. Kama huwezi kuacha, roweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, na usitie chumvi nyengine mchuzini. Urojo wa mtaani, bajia, chipsi na vidonge vya supu vihesabiwe. Ukoleze kwa ndimu, tangawizi, pilipili na kitunguu thomu. Msinunue ile chumvi inayouzwa kuwa ni "ya wenye presha" bila kusoma pakiti: nyingi imetiwa potasiamu badala ya sodiamu, na kwa mgonjwa wa figo hiyo ni sumu.

Ambaye potasiamu yake kweli iko juu: dafu aache kabisa, tende apunguze. Muhogo, majimbi, shelisheli na ndizi mbichi ukate vipande vyembamba, loweka, chemsha kwa maji mengi, umwage maji yote, ndipo utie tui na umalizie kupika. Supu ya maji ya kwanza asinywe. Potasiamu huyeyuka majini na humwagika nayo.

Protini: kwa asiye kwenye mashine, gramu 0.8 kwa kila kilo kwa siku. Mtu wa kilo 50 apate kama gramu 40. Kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100 kina karibu 22 hadi 25, yai moja 6 au 7, na zilizobaki zitapatikana kwenye kunde na wali. Akianza mashine hesabu inageuka, anahitaji 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, maana mashine inamtoa protini. Wagonjwa wanaanza mashine wakiwa bado wanajinyima kitoweo, wanakonda.

Kidau_cha_Kojani

Na Ramadhani?

Bi_Lishe

Kasi chini ya 30, aliye kwenye mashine, au ambaye namba zake zinayumba: madaktari kwa kawaida hushauri asifunge, na mlango wa fidia uko wazi, amuulize shekhe wake. Hatua ya 3 iliyotulia anaweza, kwa sharti apime kreatinini kabla ya mwezi na tena baada ya wiki ya kwanza, ajipime uzito, na dawa ya kukojosha apangiwe upya na daktari. Kreatinini ikipanda asilimia 30 anafungua. Anywe maji kidogo kidogo kati ya futari na daku, asiyabugie yote pamoja.

Nesi_wa_Mashine

Nimewasoma wote. Niseme ya hatua ya 4 na 5, kwa sababu wengi hutufikia usiku, wamejaa maji mapafuni, na mshipa wa kuanzia hawana.

Mkono. Kasi ikishuka chini ya 30, mkono usiotumia kuandikia uhifadhiwe. Damu itolewe na dripu iwekwe nyuma ya kiganja, mishipa ya kifundo na ya mbele ya mkono isichomwe. Huko ndiko daktari wa upasuaji atakapounganisha mshipa wa ateri na wa vena kutengeneza fistula, na inahitaji kama wiki 6 hadi 12 kukomaa: mshipa upanuke kufikia milimita 6 hivi na damu ipite kama mililita 600 kwa dakika. Asiye na fistula anaanza kwa kateta, yaani mpira unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni, na kateta ndiyo mlango mkubwa wa maambukizi ya damu. Mgonjwa ana haki ya kumwambia mtu wa maabara: "huu mkono hapana." Aseme bila haya.

Fistula iguswe kila siku asubuhi na usiku, utasikia mtetemo. Ukipotea, njoo siku hiyo hiyo. Usipimiwe presha mkono huo, usiulalie, usibebee ndoo. Ikivuja, bonyeza kwa kidole juu ya tundu lenyewe na unyanyue mkono, usifunge kamba.

Kuanza mashine hakuamuliwi na namba pekee. Wengi huanza kati ya 5 na 10, dalili zikija: kichefuchefu kila asubuhi, ladha ya chuma mdomoni, kuwashwa mwili mzima, pumzi kukata ukilala chali. Dharura ni nyengine: potasiamu juu ya 6.5 na moyo umebadilika, maji mapafuni yasiyotoka kwa dawa, asidi kali, kuchanganyikiwa, maji au msuguano kwenye mfuko wa moyo. Hapo hakuna kungoja.

Kawaida ni saa 4, mara 3 kwa wiki. Damu inapita kama mililita 300 kwa dakika upande mmoja wa utando, na upande wa pili maji yaliyoandaliwa, mililita 500 kwa dakika. Piga hesabu: lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa mgonjwa mmoja kwa kikao kimoja. Ndiyo maana mtambo wa maji ukiharibika kazi yote inasimama.

Sasa maji ya kunywa, ugomvi wetu mkubwa na wagonjwa. Kiasi cha mkojo wa jana, ongeza mililita 500, basi. Tuseme uzito mkavu, yaani uzito bila maji ya ziada, ni kilo 52. Kasi salama ya kutoa maji ni mililita 13 kwa kilo kwa saa, yaani 676 kwa saa, kama lita 2.7 kwa saa 4. Ukija na kilo 4 za ziada, ama tukuache na maji, ama tuyatoe kwa nguvu, presha ianguke na misuli ikaze. Na kiu inaletwa na chumvi: gramu 8 za chumvi hukushikia lita 1 ya maji. Usipigane na kiu, pigana na chumvi.

Chanjo ya homa ya ini B ipatikane mapema, hatua ya 3 au ya 4, maana mwili uliochoka hauitiki vizuri na dozi huongezwa.

Mkulima_Konde

Na kupandikiza?

Nesi_wa_Mashine

Kunafanyika Tanzania bara, Muhimbili tangu 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma pia. Mtoaji ni ndugu aliye hai, na lazima mafigo yake yapimwe kikamilifu, presha na sukari ziwe safi. Anayepokea atakunywa dawa za kuzuia mwili usilikatae figo maisha yake yote, bila kuruka hata siku moja. Swali hili liulizwe hatua ya 4, msisubiri mashine ianze.

Kidau_cha_Kojani

La mwisho kwangu. Mtu anasafishwa damu hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kwao ni Pemba, anataka kwenda siku mbili kwa ajili ya harusi. Kusi imeanza, boti zinaweza kuahirishwa. Ajiandae vipi?

Nesi_wa_Mashine

Aondoke siku ile ile baada ya mashine au kesho yake asubuhi, asiondoke mwishoni mwa ile nafasi ndefu ya siku mbili, ambayo ndiyo hatari kuliko zote katika wiki. Arudi siku moja kabla ya zamu yake. Achukue karatasi iliyoandikwa uzito mkavu, aina ya mshipa, dozi ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), majibu ya homa ya ini B na C na VVU, na dawa zake zote, ili akifika hospitali yoyote wamjue.

Boti ikiahirishwa: maji yasizidi nusu lita kwa siku pamoja na chai na uji, hakuna dafu, hakuna tende, hakuna matunda ya harusini, chumvi karibu na sifuri. Ajipime uzito asubuhi na jioni kwa mizani ile ile. Na nyumba nzima wazijue dalili tatu: miguu kuwa mizito isiyonyanyuka, moyo kwenda ovyo, pumzi kukata akilala. Moja tu ikitokea, apelekwe hospitali ya Abdalla Mzee, Pemba, au hospitali yoyote iliyo karibu, usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "huyu ni mgonjwa wa mashine, amekosa zamu, mpimeni potasiamu na moyo."

Kidau_cha_Kojani

Nimeiandika yote. Ahsante dada, Mungu akulipe.